Ubao wa Watu Wawili: Maisha ya Enoka Kauwila Nahinu wa Keanae

Mchungaji, shemeji yangu Violet, watoto na wajukuu, majirani wa Keanae na Wailua, na nyinyi wa idara ya barabara ambao najua mmesimama nje kwa sababu viti havikutosha, naomba mnisikilize kwa dakika chache, niwasomee maisha ya marehemu kaka yangu, Enoka Kauwila Nahinu, kama familia ilivyoyaandika, tarehe nikiwa nimepewa na binti yake Nohea na kuzihakiki mwenyewe katika Biblia ya mama. Mimi ni Harold Nahinu, tulizaliwa wawili tu, na kila mtakaposikia humu "mdogo wake", ni mimi huyu, ila nimeona niandike hivyo kwa sababu historia ya marehemu si mahali pa msomaji kujizungumzia. Nilimwambia shemeji kwamba wapo wanaofaa kuisoma kuliko mimi, akanijibu, "Wapo, lakini wao walishaongea naye."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1934 hapa hapa Keanae, kisiwani Maui, katika nyumba iliyokuwa pale yanapoishia mashamba ya magimbi na kuanza miamba, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Kaleo Nahinu na marehemu Emma Nahinu, na mdogo wake akafuata tarehe 2 Februari 1938. Katika nyumba ile kulikuwa na ubao wa kupondea magimbi yaliyopikwa hadi yawe poi, rojo tunayoila kwa kuchovya kidole, uliochongwa na babu yetu kutoka gogo moja la mshelisheli, urefu wake futi sita, nao ni ubao wa watu wawili, mmoja anakaa huku na mwingine kule, wanatazamana, kila mmoja na jiwe lake mkononi na bakuli dogo la maji pembeni.

Tarehe 1 Aprili 1946, siku ya Jumatatu asubuhi, bahari ilipanda ikaichukua nyumba ile na karibu kila nyumba ya kijiji, ikaliacha kanisa hili la mawe mlimokaa, na ikayajaza mashamba chumvi. Siku ya tatu marehemu, akiwa na umri wa miaka kumi na moja, ndiye aliyeuona ubao ukiwa umekwama juu kwenye mikadi, na yeye na mdogo wake wakaukokota mchana kutwa hadi kwa shangazi, marehemu akishika upande uliokuwa umelowa zaidi na kuwa mzito, mdogo wake akishika ule mwepesi na kulalamika njia nzima. Tangu hapo upande mzito ukawa wa marehemu na upande mwepesi ukawa wa mdogo wake, hapakuwa na aliyeamua hivyo, wala hapakuwa na aliyewahi kubadilisha.

Kuhusu elimu sitachukua muda mrefu, kwa kuwa yenyewe haikuwa ndefu. Marehemu alisoma shule ya kijiji kuanzia Septemba 1941 hadi Juni 1949, akamaliza darasa la nane, akapata nafasi katika shule ya bweni Honolulu, lakini baba akawa mgonjwa, na tarehe 20 Oktoba 1949 akafariki. Marehemu alimwambia mama kwamba ile nafasi isipotee, apewe mdogo wake zamu yake itakapofika, kisha akakunja suruali akaingia kwenye matope ya magimbi, na kwa maneno ya mama hakuwahi tena kuitaja Honolulu. Mdogo wake alikwenda huko mwaka 1952, akakaa miaka minne, na karibu kila meli iliyotoka Maui ilimletea mfuko wa kitambaa, ndani yake poi ngumu ambayo haijatiwa maji, imefungwa kwa majani mapana ya mmea uitwao ti, na wanafunzi wenzake wakija na vijiko aliwarudisha wakaoshe vidole.

Kwa upande wa kazi, marehemu aliajiriwa na idara ya barabara tarehe 4 Machi 1957, akawa katika kikosi cha kufukua maporomoko ya udongo kwenye barabara ya Hana hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 1994, na wenzake wanasema hakuna kona ya barabara ile ambayo hakuwahi kuiondolea jiwe. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye hati zake. Kazi aliyoijua kila mtu ni ile ya Ijumaa, ambapo aliomba ruhusa ya kudumu, aliyopewa na wakubwa wanne tofauti, ya kufanya kazi Jumamosi ili Ijumaa akae kwenye ubao.

Aliyetaka poi kwa marehemu hakuja na pesa, alikuja na bakuli lake, akakaa chini kumenya, na kumenya kwenyewe ni kwa ganda la opihi, yule konokono wa miambani, si kwa kisu, kwa kuwa marehemu alisema kisu kina haraka na kinaondoka na nyama. Mwalimu mmoja mgeni, aliyehamia kutoka bara mwaka 1966, alikuja na noti mkononi akauliza bei, naye akampa ganda, akamwambia, "Hapa hakuna duka, mwalimu. Kaa, menya, usiogope, huwa haliumi," na yule mwalimu akawa anakuja kumenya kila Ijumaa kwa miaka ishirini na miwili. Marehemu alizijua nyumba zote kwa vidole, hii inakula poi nzito ya kidole kimoja, ile laini ya vidole viwili, kule kwa jirani yake Bibi Yamane wanataka iliyochacha siku tano, na maji aliyatia kwa kiganja, kidogo kidogo, kwa sababu yakizidi hakuna wa kuyatoa. Aliyekuwa mgonjwa alipelekewa kwanza, na kama hakuwa na wa kumlisha, marehemu alikaa akamlisha kwa kidole chake mwenyewe.

Marehemu alifunga ndoa na Violet Ululani Kanoho tarehe 6 Juni 1959 katika kanisa hili, msimamizi wake akiwa mdogo wake, aliyekuwa ameanza kazi katika duka la vifaa vya ujenzi Kahului, na poi ya arusi waliiponda ndugu hao wawili kwa siku tatu, huyu upande wake na huyu upande wake. Marehemu na mkewe walijaliwa watoto wawili, Nathaniel, aliyezaliwa tarehe 17 Mei 1961, ambaye yupo hapa ametoka Las Vegas, na Nohea, aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1970. Poi ya karamu ya Nathaniel ya kutimiza mwaka mmoja nayo waliiponda ndugu hao wawili, na wazee waliokula siku ile walisema hawakuweza kujua ipi imetoka upande upi.

Sasa nafika mahali ambapo Nohea, aliponiletea tarehe, aliniambia, "Hapo ruka tu, baba mdogo, watu wote wanajua." Siruki, kwa sababu wageni hawajui, na kwa sababu wanaojua wanajua vibaya.

Karamu ya Nohea ya mwaka mmoja ilipangwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1971, wageni mia mbili. Marehemu alimwambia mdogo wake aje Jumatano, mdogo wake akasema atakuja Jumatano. Jumatano kulikuwa na mzigo wa mabati dukani, Alhamisi mwenye duka hakuwepo, Ijumaa hata hakupiga simu, na siku zote tatu marehemu alikaa upande wake wa ubao akaponda peke yake, mpaka mikono ikavimba na mkewe akawa anamfungia vitambaa vya maji baridi. Jumamosi saa nne asubuhi mdogo wake alifika na gari limejaa, mifuko arobaini ya plastiki ya poi ya kiwandani, ya mashine, na kwa kuwa foleni ilishaanza na yeye alitaka aonekane amesaidia, aliikata mifuko yote na kuimimina kwenye bakuli kubwa la mti la mama, juu ya poi ya kaka yake, akakoroga.

Kwa ajili ya wageni naeleza jambo moja ambalo mtoto wa hapa hulijua kabla hajajua kutembea. Sisi tunasema gimbi ni kaka yetu mkubwa, alizaliwa kabla ya mtu wa kwanza, akafa, akazikwa, akaota, na mdogo wake ndiye babu wa sisi sote, kwa hiyo bakuli la poi likifunuliwa mezani, kaka mkubwa amekaa nasi, na hapo hakuna ugomvi, hakuna kumteta mtu, hata mume na mke wasiosemezana huombana chumvi kwa upole.

Marehemu alikuja, akachovya kidole, akaonja, akauliza, "Hii nini?" Mdogo wake akasema, "Poi, kaka, au umeshaisahau inavyofanana?" Marehemu akasema, "Nimekuuliza hii nini," na mdogo wake akasema watu mia mbili wako foleni, wameshaanza kula, hajalalamika hata mmoja, hawajui tofauti. "Mimi najua," akasema marehemu. "Wewe unajua kila kitu isipokuwa saa," akasema mdogo wake, "dunia nzima ina mashine, wewe umekaa chini unagonga jiwe." Marehemu akasema jiwe hilo ndilo lililomlisha Honolulu, na mdogo wake akajibu, kwa sauti ambayo waliokuwa nje waliisikia, "Nilijua tu! Nilijua iko siku utanisimanga!" Yote hayo yalisemwa bakuli likiwa wazi katikati yao.

Mama alikuwa amekaa na mtoto mapajani. Alimpa Violet mtoto, akachukua majani ya ti, akalifunika bakuli. Maneno aliyoyasema nimeyaandika kama alivyoyasema, kwa kuwa kila neno lina kazi yake: "Mmepigiana kelele mbele ya kaka yenu. Bakuli hili halitafunuliwa tena mkiwepo nyote wawili, mpaka kila mmoja awe ameponda upande wake wa ubao, na zikachanganywa." Wageni walikula nguruwe bila poi, na mnaojua karamu zetu mnajua aibu yake.

Hukumu ile haikuwa nzito, ilihitaji siku moja tu ya Ijumaa, na ilidumu miaka arobaini na mitatu. Marehemu alisema upande wa ubao una mwenyewe na mwenyewe haitwi, mdogo wake alisema yeye akiitwa atakuja, na hivyo wakazeeka. Hawakununiana, walisalimiana, walitumiana zawadi za Krismasi, lakini kwenye arusi na misiba ya ukoo bakuli lilikaa limefunikwa hadi mtu mmoja alipomwambia mdogo wake, "Harold, hebu kanyooshe miguu kidogo," naye akatoka, watu wakala. Mama alifariki tarehe 11 Mei 1983, na siku ya mazishi yake mdogo wake alikula wali ndani ya gari lake, pale nje chini ya ukuta, akiwaona kupitia mlangoni jinsi wanavyochovya vidole.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alikuwa na kisukari tangu mwaka 1998, alikidhibiti vizuri na kukisengenya sana, lakini Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, alipata kiharusi akiwa shambani, akalazwa hospitali ya Wailuku kwa wiki tatu, na akarudi nyumbani upande wa kulia wa mwili ukiwa haufanyi kazi. Mkono wa kulia ndio uliokuwa wa jiwe. Kuanzia hapo, kila Ijumaa, watu waliendelea kuja na mabakuli yao, Nohea akawa anaponda, na marehemu akikaa kwenye kiti na kumwambia anapokosea, jambo ambalo Nohea anasema lilimponya baba yake kuliko dawa na lilikaribia kumuua yeye.

Jumatano, tarehe 17 Septemba 2014, Nohea alimpigia simu mdogo wa marehemu, akasema, "Baba mdogo, baba anasema Ijumaa anaponda. Amesema nikwambie hivyo, basi, hajasema kingine." Kwa hiyo, baada ya miaka arobaini na mitatu, mdogo wake alikuwa ameitwa. Akajibu, "Ijumaa nina fundi wa paa, mwambie nitakuja Jumamosi."

Fundi wa paa alikuwepo kweli, ana jina na namba ya simu, lakini angeweza kusubiri. Niliogopa. Nilikuwa na miaka sabini na sita na niliogopa kukaa mbele ya kaka yangu akaniangalia nikiponda, kwa kuwa sikuwa nimeshika jiwe tangu mwaka 1962, na niliona bora siku moja zaidi. Nimesema nitaandika "mdogo wake", lakini hapa naona haifai, aliyeogopa ni mimi.

Ijumaa, tarehe 19 Septemba, marehemu aliamka vizuri, akanywa chai, akaomba ashushwe kwenye kiti aketishwe chini, kwenye upande wake wa ubao, mgongo ukiegemezwa kwa magunia mawili ya mchele. Violet alimenya, magimbi yakagawanywa mafungu mawili, na marehemu akachukua jiwe kwa mkono wa kushoto. Nohea alimwambia nimesema Jumamosi, naye akacheka, akasema, "Harold huyo. Akichelewa siku moja tu ujue kaamka vizuri." Alianza saa nne, akamaliza saa saba, fungu ambalo zamani lingemchukua dakika arobaini, akalikunja mwenyewe kwa majani ya ti kwa mkono mmoja na meno, na fungu la pili akasema, "Hilo msiliguse, lina mwenyewe." Kisha akarudishwa kwenye kiti apumzike. Saa tisa na dakika arobaini alasiri mkewe alipomletea maji alimkuta ameshafariki, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, siku hamsini na moja kabla ya kutimiza themanini.

Mimi nilifika Jumamosi saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimeshapewa habari kwa simu usiku, na njia nzima nilikuwa najiandaa kwa maneno ya shemeji, ambayo nilistahili, lakini shemeji alisimama mlangoni akanitazama, akasema, "Vua saa, Harold, ukae." Ubao ulikuwa palepale. Nohea alikuwa ameyapasha moto magimbi yangu kwa mvuke, na upande wangu ulikuwa umeloweshwa, una giza la maji, laini, hauna hata ufa mmoja. Mnaojua mti wa mshelisheli mnajua ubao ukiachwa mkavu haumalizi miaka mitatu, nami nikauliza umewezaje, na Violet akaniambia kwamba kila Ijumaa, kabla hajaanza kuponda, marehemu alilowesha upande wake, akazunguka akalowesha na wangu, na kila mwezi akaupaka mafuta, na siku moja yeye Violet alipomuuliza kwa nini anahangaika na mahali asipokaa mtu, mumewe alisema, "Wa Harold huo, utapasuka." Nimepiga hesabu nikiwa njiani kuja hapa, ni Ijumaa zaidi ya elfu mbili, na mimi muda wote huo nilikuwa Kahului nasubiri kuitwa.

Niliponda kwa saa tano. Mikono yangu mnaiona imefungwa, nisamehewe na wale nisioweza kuwashika. Nilipomaliza, Nohea alifungua majani ya baba yake, nikachanganya fungu lake na langu katika bakuli la mama, nikatia maji kwa kiganja, kidogo kidogo, na Violet akaonja kwa kidole kimoja, akasema, "Ina mabonge."

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Wailuku, na muuguzi wa Hana aliyekuja kila wiki kupima sukari na kuondoka na bakuli, nawashukuru majirani, hasa familia ya Yamane waliochimba imu, lile tanuri la shimoni, na kuchoma nguruwe mkubwa kuliko tuliyeomba, na wenzake wa idara ya barabara, ambao jana mvua ilipoangusha udongo kule kwenye kona ya daraja walitoka bila kuitwa wakafukua hadi jioni ili msafara upite, nao wakasema Enoka angefukua haraka zaidi.

Mchungaji akishaomba, tutakwenda mezani. Bakuli mtakalolikuta ni lile la mwaka 1971, lina majani juu yake, na leo sitanyoosha miguu. Kaka yangu yupo, mimi nipo, yeye ameponda upande wake na mimi nimeponda wangu, na zimechanganywa. Yeye ni Ijumaa na mimi ni Jumamosi, lakini mama hakusema lazima iwe siku moja, na maneno yake nimewasomea. Shemeji Violet ndiye atakayelifunua. Poi ni ya siku nane, imechacha kama alivyoipenda, mabonge mengine ni ya mkono wake wa kushoto na mengine ni yangu, msiulize yapi ni ya nani, na asiyeipenda ale anyamaze, bakuli litakuwa wazi.

Pumzika kwa amani, kaka. Ijumaa ijayo nipo kwenye ubao mapema, na upande wako sitauacha ukauke.